Mgongo wa Baba Mkwe

Siku tuliyomzika Tabita Sanga kule kwao Matamba, ukungu ulishuka mzito hata waliobeba jeneza wakawa wanaitana majina wasije wakalipita kaburi. Mimi na Nikodemu Luvanda ndio tu tuliobaki wa darasa letu la chuo, wote tuna fimbo, wote hatusikii vizuri, na watoto wa marehemu wakaomba mmoja wetu aseme neno. Nikodemu alinisukuma kwa kiwiko. Nikasimama, nikasema niliyokuwa nayo, na nilipomaliza nikagundua kwamba muda wote nilikuwa nimewapa waombolezaji mgongo, naongea na mlima. Hakuna aliyenicheka isipokuwa Nikodemu, ambaye alikigeuza kicheko chake kikawa kikohozi, akaninong'oneza, "Mwalimu Yudita, mpaka leo?" Mjukuu wangu aliyeniendesha aliniuliza wakati wa kurudi kulikuwa na nini cha kuchekesha msibani. Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema barabara nayo ni ndefu, bibi. Basi nikamsimulia, na kwa kuwa nilipomaliza alinyamaza mpaka tukaingia Makambako, nimeona niiandike na hapa.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi. Hayo wanaoyataka wanayajua. Nitaanzia miaka michache kabla ya Uhuru, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapandishwa bomani Njombe kila asubuhi, nami nikiwa mwanachuo katika chuo kimoja cha ualimu cha misheni, nje kidogo ya mji. Wasichana tulikuwa wachache. Tulilala katika jengo la matofali ya kuchoma ambalo zamani lilikuwa ghala la mahindi, na harufu ya mahindi haikulihama kamwe. Hata leo nikifungua gunia huwa nasikia kengele ya asubuhi. Mwaka ule mwalimu mmoja Mwingereza, Miss Garrow, ambaye sisi tulimwita Misi Garo, alipata ruhusa ya kuanzisha kitu ambacho chuo hakikuwa nacho. Alichagua wachache waliofanya vizuri kuliko wengine, akasema kwamba pamoja na masomo ya ualimu tutasoma elimu ya jumla, tena ile ya juu. Tungesoma nyota na mimea, na muziki, na namna Warumi walivyotunga sheria, na jinsi ya kuitambua hoja mbovu hata ikisemwa na mtu mwenye sauti nzuri. Wenzetu hawakutuacha salama. "Nyie wa jumla, sisi wa rejareja," walitutania kwenye foleni ya uji. "Mnajua yote, hamjui lolote." Tulicheka pamoja nao, lakini moyoni nilikuwa na hofu kwamba huenda wanasema kweli.

Tulikutana alasiri sebuleni kwa Misi Garo, maana darasani baridi ilikuwa haivumiliki. Baridi ya Njombe ya mwezi wa sita haina adabu, inaingia nyumbani bila hodi. Misi aliwasha magogo ya miwati mekoni, akatupa chai katika vikombe vyeupe vyenye masikio madogo mno kwa vidole vyetu, na biskuti ambazo Tabita, aliyekulia viazi na njegere, alisema ni chakula cha mtu ambaye tayari ameshiba. Juu ya meko palikuwa na jiwe jeusi lililoletwa na msafiri mmoja kutoka Mchuchuma, upande wa Ludewa. Siku ya kwanza alituwekea jiwe lile mezani akauliza, "Hili ni nini?" Nikodemu akajibu kwamba ni makaa ya mawe. "Vema," alisema. "Sasa tuanze upya. Hili ni nini?" Tulikaa na lile jiwe mpaka chai ikapoa. Lilikuwa msitu uliooza kabla hajazaliwa mtu. Lilikuwa moto ambao haujawashwa. Lilikuwa mali ya yule anayelima juu yake, au ya serikali, au ya Mungu, na hapo Nikodemu na Tabita wakakaribia kugombana. Nilirudi bwenini kichwa kikiniuma kwa raha, nikijua kwamba nimepata kitu ambacho nitakililia kikiondolewa.

Misi alikuwa na sharti moja tu, nalo lilinikosesha usingizi. Kila kikao mmoja wetu alitoa hoja na mwingine alisimama kumpinga, hata kama anakubaliana naye, hata kama mtoa hoja ni Misi mwenyewe. "Mtu aliyeelimika hupinga bila kugombana," alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka kama mstari wa rula. Kwetu mtoto wa kike aliyempinga mkubwa aliulizwa ni nani aliyemlea, na swali hilo halikuwa swali. Zamu yangu ya kwanza ya kumpinga Misi nilisimama nikautazama moto, nikasema hoja zangu kwa sauti ndogo hata Tabita akalazimika kurudia kila sentensi ili waliokaa karibu na mlango wasikie. "Anasema hivi," alikuwa akianza, kisha anasema nilivyosema, bila kuongeza chumvi. Kikao kilipokwisha Misi alinipongeza. Nikamshukuru, nikaenda nyuma ya jiko nikatapika.

Mwaka huohuo nilikuwa mchumba wa mtu. Elia Msigwa alikuwa mwalimu kijana wa Mahongole, pale karibu na Makambako, mpole, mwenye kucheka taratibu kana kwamba anaonja kwanza. Majembe ya posa yalishapokelewa kwetu, na tangu siku yalipopokelewa nilikuwa na baba mkwe. Huyo ni Mzee Yeremia Msigwa, mzee wa kanisa, mkulima, mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumwona na ambaye sasa sikutakiwa kumwona. Kwa desturi yetu ya wakati ule mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia majanini mpaka apite. Ukiwa na neno kwake, mtu wa tatu hulibeba, hata kama mmekaa ua mmoja. Mama yangu alinifundisha yote hayo kwa sentensi moja, kwamba mwanamke anayemtazama baba mkwe machoni amemvua nguo. Vijana wa leo wakisikia hivi hucheka, na mimi nawaacha wacheke. Lakini naomba wajue kwamba sikuiona desturi ile kama mzigo. Niliiona kama nguo: huifikirii mpaka siku inapotaka kukuvuka mbele za watu.

Elia alikuja chuoni Jumapili moja, tukaketi barazani huku matroni akisuka kikapu mbele yetu, masikio yote mawili yapo kazini.

"Baba amekubali tungoje," Elia alisema. "Ila ameweka sharti."

"Sharti gani?"

"Mwisho wa mwaka si mna mtihani wa mdomo wa lile darasa lenu? Ukifaulu, usome mwaka wa pili, harusi itasubiri. Ukianguka, harusi baada ya mavuno, na chuo basi."

"Na wewe unataka nini?"

Aliizungusha kofia yake mikononi. "Nataka ufaulu," akasema. Kisha akaongeza, "Na nataka uje."

Nilimpenda kwa jibu lile, na nilikasirika pia, maana lilikuwa jibu langu mwenyewe. Nilimtaka Elia, asije mtu akafikiri vingine. Lakini mwaka wa pili niliutaka kama mtu anavyotaka kumaliza sentensi aliyokwisha kuianza. Tulikuwa tumefika kwenye nyota. Misi alikuwa ameahidi kwamba mwaka wa pili tutasoma kwa nini watu wenye akili waliwahi kukosea kuhusu nyota kwa muda mrefu namna ile. Niliogopa kuwa mwanamke atakayekufa bila kujua jibu, na mahali pa kuuliza alikuwa amepaona.

Mtihani wenyewe ungefanyika Makambako, kwenye shule ya kanisa, kwa kuwa pale ndipo njia zinapokutana na Bwana Elimu wa jimbo angefika kwa urahisi. Watahini wangekuwa watatu: Bwana Elimu, Bwana Mkuu wa chuo chetu, ambaye alikuwa Mzungu wa misheni, na mchungaji mmoja kwa niaba ya wazazi. Kila mtahini angemwuliza mwanafunzi swali lake, na mwanafunzi angejibu, na ikibidi angempinga. Nilijifariji kwamba yule mchungaji ni mzee mwema mwenye kusinzia. Basi alasiri moja ilikuwa zamu yangu kuosha vikombe jikoni kwa Misi, dirisha la kupitishia vyombo likiwa wazi kidogo, nikamsikia Bwana Mkuu akizungumza naye sebuleni. Walianza kwa Kiingereza, wakaingia Kiswahili walipofika kwenye majina ya watu. Mchungaji ameshikwa na homa ya mapafu, alisema, hatoki kitandani. Lakini wasiwe na wasiwasi, amepatikana mzee wa kanisa wa kushika nafasi yake, mtu makini, anasoma, anaheshimika. "Mzee Yeremia Msigwa," alisema, "wa Mahongole." Misi akasema vizuri sana. Mimi niliendelea kukifuta kikombe kimoja mpaka Tabita alipoingia kunitafuta, akakichukua mkononi mwangu, akakiweka rafuni.

Kuanzia siku ile chakula kilinishinda. Nilikuwa nikijipa hesabu za kila namna na zote zinatoka vibaya. Nikisimama mbele ya baba mkwe nikamtazama na kumpinga, nimemwaibisha yeye na mimi na mama yangu, na hata nikifaulu nitakuwa nimefaulu nini. Nisiposimama, nimeanguka, na chuo basi. Tena mtu mwenyewe ndiye aliyeweka sharti; akiniangusha anapata mkwe baada ya mavuno, akinipitisha anakosa. Tabita nilimwambia yote asubuhi moja kisimani, vidole vyetu vikiwa vimekufa ganzi kwenye mishikio ya ndoo.

"Jifanye mgonjwa," alisema.

"Mgonjwa ameanguka vilevile."

"Basi jifunike kanga mpaka puani."

"Na atakaponiuliza swali?"

Tabita aliweka ndoo chini. Yeye alikuwa Mkinga wa kule juu, mrefu, mwenye maneno machache, na alipofikiri alikuwa akisugua shingo yake. "Hapo sijui," alisema. "Lakini hukuumbwa peke yako, Yudita. Nami nitakuwepo."

Nilijaribu pia kumwambia Misi Garo. Nilizunguka mbuyu kwanza, nikaanza na hali ya hewa, nikaja kwenye afya ya mchungaji, na nilipofika kwenye jambo lenyewe alinisikiliza kwa uso wa huruma ambao ulinikatisha tamaa kabla hajasema neno. "Lakini Yudita," alisema, "ni mzee mmoja tu. Mtazame kama unavyonitazama mimi." Nikajibu ndiyo, Misi. Sikumwambia kwamba mwaka mzima nilikuwa sijamtazama yeye machoni hata mara moja. Macho yake yalikuwa ya kijani. Hilo niliambiwa na Nikodemu, miaka mingi baadaye.

Asubuhi ya mtihani tulipanda lori la misheni, mgongoni, tukajifunika turubai kwa ajili ya manyunyu. Wavulana waliimba. Nikodemu alikuwa akijiuliza maswali na kujijibu kwa sauti, na kila mara alikuwa anashinda. Mimi nilihesabu madaraja, nikipoteza hesabu kwa makusudi ili nianze tena. Makambako ya siku zile ilikuwa njia panda na maduka machache ya Wahindi, malori yamesimama, harufu ya dizeli na ya mihogo ya kuchoma. Mama mmoja wa kanisa alitupa chai ya maziwa na viazi vitamu. Nilivipokea, nikavifunga kwenye leso, na sikumbuki viliishia wapi. Ndipo nikasikia nje ya ukuta sauti nzito ya mwanamume, ya taratibu, ikiitikia salamu za watu waliokuwa wakimpisha: "Kamwene. Kamwene." Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Elia alikuwa na sauti hiyohiyo, ila ya baba yake ilikuwa na kina zaidi.

Tuliingizwa sote katika chumba kimoja cha darasa, sisi wanafunzi tukakaa kwenye mabenchi kandokando ya ukuta, na kila aliyeitwa alikuwa anakwenda kusimama mbele, penye ubao. Niliingia nikitazama sakafu, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, kwa hiyo watahini niliwajua kwa viatu. Palikuwa na buti za Bwana Elimu zenye matope. Palikuwa na viatu vya ngozi vya Bwana Mkuu. Pembeni palikuwa na viatu vyeusi vya kamba, vya zamani, vimepigwa kiwi mpaka vikang'aa, na havikuwa na soksi. Nikodemu aliitwa wa kwanza, akafanya vizuri mno. Tabita alifuata, akajibu kwa maneno machache yaliyotosha. Likaitwa jina langu. Nilikwenda mbele, na miguu iliponifikisha penye ubao niligeuka nikautazama ubao. Sikuamua. Mwili uliamua. Nilisimama pale pua yangu ikinusa chaki, mgongo wangu kwa serikali, kwa misheni na kwa wakwe.

"Geuka," Bwana Elimu alisema. "Tazama sisi."

Sikuweza.

"Yudita, unaumwa?" Bwana Mkuu aliuliza.

Nilitikisa kichwa. Nikasikia Bwana Elimu akisema jambo kwa Kiingereza, nikalishika neno moja, adabu, na lilisemwa kwa namna ya kusema kwamba mimi sina. Machozi yalikuwa yananishuka bila sauti, nami nikifikiri, ndivyo kitu kinavyoondolewa basi, mchana kweupe, watu wakikutazama. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa. Kiliburutwa polepole, mguu mmoja kwanza, halafu mwingine, kama mtu anavyozungusha meza nzito peke yake. Kikatulia. Ile sauti nzito ikasema, "Bwana Elimu, utusamehe. Binti huyu ni mchumba wa mwanangu. Kwetu mimi na yeye hatutazamani. Hana kiburi, anajaribu kunisitiri. Sasa nimegeuka mimi, natazama dirisha. Yeye na awatazame ninyi."

Niligeuka kidogo kidogo. Nilimwona Bwana Elimu, mwekundu, kalamu imesimama hewani. Nilimwona Bwana Mkuu ameshika paji la uso. Na pembeni yao niliona mgongo: koti la kijivu lililokwisha kufifia mabegani, shingo yenye mikunjo, nywele nyeupe zilizonyolewa kwa uangalifu, na masikio makubwa yaliyosimama kusikiliza. Hofu haikunitoka, lakini ilipata mahali pa kukaa.

Bwana Elimu aliniuliza elimu ya jumla yamfaa nini mwalimu wa shule ya kijijini, atakayefundisha watoto kusoma na kuhesabu tu. Nilimweleza habari ya jiwe la Mchuchuma. Nikasema kwamba mwalimu anayejua jina la jiwe tu atawafundisha watoto jina. Mwalimu aliyewahi kuulizwa mara ya pili hili ni nini, atawauliza watoto mara ya pili, na mmoja wao siku moja atamwuliza mwenye kulichimba. Bwana Elimu hakulipenda jibu hilo, niliona. Bwana Mkuu aliniuliza juu ya sheria za Warumi, nikajibu kwa kubabaika. Halafu ule mgongo ukasema, "Mimi nami nina swali. Nani atanichukulia maneno?"

Tabita alikwisha kusimama kabla hajamaliza. Alikuja akasimama kati ya kiti na mimi, mikono nyuma, uso mkavu.

"Mwulize," Mzee alisema, "binti aliyeposwa, wakwe zake wanamngoja, yeye akaenda kusoma mambo yasiyopika wala kulima. Amewakosea, au hakuwakosea?"

"Anasema hivi," Tabita akaanza, akanirudia swali lote, ingawa hapakuwa na kiziwi mle ndani. Wavulana walianza kuguna. Nikamtazama Tabita, maana yeye niliruhusiwa kumtazama.

"Mwambie Mzee, hakuwakosea kwa kusoma. Atawakosea akisoma, halafu akawanyima alichosoma."

"Anasema hivi," Tabita alisema, akafikisha.

Masikio yale makubwa hayakutikisika. "Mwulize, atawapaje, na hali hawezi kuwatazama wala kusema nao?"

Tabita akaniletea tena, neno kwa neno. Na hapo, katikati ya hofu yangu yote, nilijisikia kutaka kucheka. "Mwambie Mzee," nikasema, "kwa njia hiihii anayonisikia sasa. Na kama ananibishia, anibishie."

Tabita alianza, "Anasema hivi," akashindwa kumalizia. Darasa zima liliangua kicheko, hata Bwana Mkuu. Mgongo wa baba mkwe ulikuwa ukitikisika mabegani, bila sauti, na mimi nikashindwa kujua kama ni kicheko au hasira, kwa kuwa mgongo hauna uso.

Walitutoa nje wajadiliane. Nilikaa kwenye ngazi za shule, Tabita amenifunika nusu ya kanga yake. Nikodemu, ambaye hakuwahi kuona dirisha asilolisogelea, alikwenda akasimama chini ya dirisha akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Aliporudi alituigizia wote watatu. Bwana Elimu amesema darasa la juu haliwezi kuwa na mtu anayewaogopa wasikilizaji wake. Bwana Mkuu amesema ndiyo na hapana. Mzee Msigwa amesema, "Leo sikuitwa kumchagulia mwanangu mke. Nimeitwa kusema kama anajua kujibu. Anajua. Andikeni." Bwana Elimu amemwuliza kama anaelewa kwamba harusi ya mwanawe itachelewa. Mzee amesema, "Aliyeweka sharti ni mimi. Nitalivunja vipi mbele ya wageni?" Jina langu lilisomwa la mwisho. Sikushangilia, nililala kwenye paja la Tabita nikalala usingizi wa kweli, lori likiturudisha Njombe.

Nilisoma mwaka wa pili. Nikajua kwa nini wenye akili walikosea kuhusu nyota. Kisha nikaolewa Mahongole, na huko ndiko darasa langu lilikohamia, jambo ambalo hakuna mtahini angelitabiri. Jioni Mzee Yeremia alikuwa anakaa nje ya jiko langu, ameegemea ukuta, mimi ndani na sufuria zangu, na watoto walipokuwa hawapo wa kubeba maneno, ukuta uliyabeba. "Ewe ukuta," alikuwa akisema, "hao wanaodai dunia inazunguka, mbona chai yangu haimwagiki?" Nami nilikuwa nikiiambia sufuria, "Sufuria, mwambie Mzee, akiwa ndani ya lori lililoshika mwendo sawasawa, chai humwagika?" "Ukuta, lori la Makambako linamwaga hata abiria." Tulibishana juu ya mvua, juu ya Ayubu, juu ya kodi, juu ya Uhuru ulipokuja na ulivyokuja. Siku moja aliniambia, kwa ukuta, kwamba alikubali kukaa kwenye ule mtihani kwa kuwa alitaka kusikia ni kitu gani kile kinachomchelewesha mkwe wake. Nikauliza sufuria kama alikisikia. Ukuta ukajibu kwamba anakisikia mpaka leo. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, wakubwa wa ukoo walitaka kuileta siku ile ambayo kuku huchinjwa na baba mkwe na mkwe huruhusiwa kutazamana. Ni yeye aliyekataa. Alisema tukitazamana tutaanza kuoneana haya, na mabishano yatakufa. Mama mkwe alisema mumewe amezeeka vibaya. Mimi jioni ile nilimpikia Mzee njegere, alizozipenda, nikazipitisha kwa mtoto wa jirani.

Mzee alikufa wakati wa palizi. Tabita alikuja kutoka Matamba, lori la viazi likamshusha barabarani, akatembea kipande kilichobaki. Ulipofika wakati wa kuaga mwili, wanaukoo waliniambia kwamba sasa hakuna tena desturi, naweza kuingia. Nikaingia nikitazama sakafu kama nilivyozoea. Nikaona miguu ya meza, na shuka, na viatu vyeusi vya kamba vilivyowekwa chini yake, vimepigwa kiwi. Tabita alikuwa amesimama kando ya jeneza, mikono nyuma. Nikamshika kiwiko. "Mwambie Mzee," nilianza, "mwambie kwamba ile habari ya chai, kwamba mimi..."

Tabita alisugua shingo yake.

"Mwambie mwenyewe, Yudita," alisema.

Nikainua macho. Mzee alikuwa na uso mdogo, mdogo sana kuliko sauti yake.